Lori Huua Kabla Halijaondoka: Somo la Alfajiri Kutoka Makueni na Kitui

Kila ajali kubwa ya lori inapotokea katika barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, mjadala huwa ule ule. Serikali huzungumzia mwendo wa kasi. Polisi huongeza vizuizi. Wanasiasa hudai barabara ipanuliwe, na wenye magari huwalaumu madereva. Baada ya wiki moja tunanyamaza, tunasubiri msiba mwingine.

Leo nataka tujadili jambo ambalo halitajwi kabisa katika mijadala hiyo, kwa sababu linaonekana dogo mno: namna lori linavyowashwa asubuhi. Hoja yangu ni kwamba ajali nyingi tunazoziita za breki kukatika mteremkoni huwa zimeshaamuliwa saa kadhaa kabla, pale lori lilipoegeshwa, katika zile dakika kumi ambazo dereva alipaswa kuzipata na hakuzipata. Na mahali pa kuliona jambo hili vizuri zaidi si hapa bandarini. Ni Makueni na Kitui.

Kwa nini Ukambani unatuhusu sisi wa Pwani

Ndugu msomaji, safari ya lori kutoka Kilindini hadi Nairobi ni kama kilomita 480, na Mtito Andei ndiyo nusu yake. Ukishapita Voi na Manyani unaingia kaunti ya Makueni, na kutoka hapo barabara ni yake hadi karibu na Nairobi: Mtito Andei, Kambu, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud, Salama. Hii ndiyo miji ambayo vijana wetu kutoka Jomvu, Miritini, Changamwe, Mazeras na Mariakani wanalala, wanakula, wanatengeneza magari na kuyawasha alfajiri. Makueni ni chumba cha kulala cha bandari ya Mombasa.

Tunakumbuka pia jinsi tulivyopigania kazi hiyo. Agosti 2019 agizo lilipotoka kwamba makontena yote ya kwenda bara yapakiwe kwenye reli ya SGR, Mombasa iliandamana. Madereva, mawakala wa forodha, wenye gereji na mama lishe walisema wazi kwamba wanauawa kiuchumi. Miji ya Mtito Andei na Emali nayo iliona vibanda vikifungwa. Septemba 2022 serikali mpya ikaahidi kuurudisha uchukuzi Mombasa, na malori yakaongezeka tena barabarani. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini kazi ikirudi inarudi na hatari zake, na aliyeipigania kazi hana budi kupigania pia uhai wa wanaoifanya.

Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, zinaonyesha kwamba zaidi ya watu 4,300 walikufa katika barabara za Kenya mwaka 2023, na zaidi ya 4,700 mwaka uliofuata. Mwezi Juni 2023, huko Londiani, lori moja lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo na kuua watu zaidi ya 50 waliokuwa wamesimama kando ya barabara, wengi wao wakiuza na kununua. Atakayetembea Emali jioni moja, akaona meza za maembe, nyanya na asali zilivyosogea hadi ukingoni mwa lami, hatauliza kama jambo kama lile linaweza kutokea Makueni.

Kinachotakiwa kufanyika kabla ya kuondoka

Wengi wetu tunaoendesha magari madogo tunadhani kuwasha gari ni kuzungusha ufunguo. Lori la trela ni chombo kingine. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito inaruhusu hadi tani 56 kwa gari la ekseli saba. Huo ni uzito wa magari madogo 40 hivi yaliyofungwa pamoja. Chombo kama hicho hakisimamishwi kwa nguvu ya mguu. Kinasimamishwa kwa upepo.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya, kwa hiyo nitapaeleza kwa urefu kidogo.

Breki za lori zinatumia upepo unaobanwa na pampu inayoendeshwa na injini, ukahifadhiwa kwenye matangi chini ya gari. Lori likilala usiku kucha, upepo huo huvuja polepole. Alfajiri sindano ya geji inaweza kuwa karibu na sufuri. Upepo ukiisha, springi kubwa zilizomo kwenye breki za magurudumu ya nyuma hufunga zenyewe na gari haliendi. Ni ulinzi mzuri sana uliowekwa na mafundi: gari lisilo na breki lisiweze kutembea.

Kwa hiyo dereva anayejua kazi yake huanza chini, kabla ya kupanda. Huzunguka gari lote. Huangalia chini ya injini kama kuna oili au maji yaliyodondoka usiku. Hupima oili na maji ya rejeta. Hugusa nati za magurudumu na kuangalia kama kuna kutu mpya inayoashiria nati iliyolegea. Hukagua matairi, hasa yale ya ndani ambayo hayaonekani kirahisi. Hutazama kiungo kinachoshika trela kwenye kichwa, ahakikishe kimefunga na komeo lake limo. Hufuata paipu za upepo na waya za taa kutoka kwenye kichwa hadi kwenye trela. Hufungua vali za matangi kumwaga maji. Hili la mwisho linatuhusu hasa sisi: upepo wa Pwani una unyevu mwingi, na lori lililoshinda bandarini linaingia Makueni na maji ndani ya matangi yake, maji yanayolisha kutu na kuziba vali.

Kisha huinama kutazama chini ya trela. Katika maegesho ya Mtito Andei na Emali, chini ya trela ni mahali pa kulala. Utingo hutandika gunia hapo. Mchana, wachuuzi na watoto hukaa hapo kwa sababu ndicho kivuli pekee. Honi mbili fupi kabla ya kuwasha ni jambo la sekunde mbili, na zinaweza kuokoa mtu.

Akishapanda, handibreki iwe imefungwa na gia iwe huru. Ufunguo uzungushwe hatua ya kwanza, asubiri taa za dashibodi zijikague. Kisha apige stata kwa sekunde 10, zisizidi 15. Isipowaka, aipumzishe dakika moja au mbili kabla ya kujaribu tena, asiunguze stata na kumaliza betri. Ikiwaka, jicho la kwanza liende kwenye presha ya oili. Ikiwa haikupanda ndani ya sekunde chache, azime mara moja. Wala asikanyage mafuta kwa nguvu. Oili huhitaji muda kufika kwenye turbo, na turbo inayozungushwa kavu kila asubuhi haimalizi mwaka.

Halafu ndiyo inakuja subira yenyewe. Sindano ya upepo ikiwa chini ya pauni 60 hivi kwa inchi mraba, taa nyekundu huwaka na king'ora hulia. Taa ikizimika, wengi huondoka. Hilo ni kosa. Kuzimika kwa taa kunasema tu kwamba umetoka kwenye hatari ya mara moja. Matangi hujaa sindano ikifika karibu pauni 120, na hapo pampu hujikata kwa mlio ambao kila dereva anaujua. Sasa azime injini, akanyage breki na kushikilia dakika moja huku akitazama geji. Kwa gari lenye trela, kipimo kinachotumiwa Marekani kwa wanaotaka leseni ya malori ni kwamba upepo usishuke zaidi ya pauni 4 katika dakika hiyo. Ukishuka zaidi, kuna mahali panavuja. Mwisho, awashe tena, aachie breki ya kichwa huku ya trela ikiwa bado imefunga, na avute kidogo kwa gia ndogo. Trela ikishikilia, breki yake inafanya kazi na kiungo kimeshika.

Kazi yote hiyo, ukiizoea, ni kama robo saa. Nahodha wa jahazi hatweki tanga kabla ya kukagua kamba na kukumba maji ya ngamani, na hakuna abiria anayemlalamikia kwamba anapoteza muda.

Njia za mkato tunazozijua na kuzinyamazia

Sasa tuseme ukweli kuhusu yanayofanyika. Nimekaa katika vibanda vya chai vya Makindu na Kibwezi nikiwasikiliza madereva wetu, na nimeyaona haya kwa macho.

Kuna lori ambalo betri zake zimechoka. Dereva wake huliegesha mteremkoni ili alfajiri aliachie liteleze na kuwaka kwa gia. Anateleza na tani 40 au 50 huku injini imezima, pampu haizalishi upepo, na usukani ni mzito kama jiwe. Kila anapogusa breki anapunguza upepo uliobaki. Injini isipowaka, ana nafasi chache tu za kukanyaga breki kabla ya mambo kuharibika.

Kuna fundi anayelala chini ya gari na kuishtua stata kwa bisibisi. Ikiwa mtu amesahau gia, na breki haikufungwa sawasawa, gari linaruka mbele na magurudumu yanapita alipolala.

Baya kuliko yote, kuna kuchezea zile springi nilizozieleza. Breki ya gurudumu moja ikivuja, gari halijazi upepo na springi hazifunguki. Tiba ni kubadilisha kifaa kilichochakaa. Njia ya mkato ni kukunja paipu ya gurudumu hilo na kuifunga kwa waya, au kukaza bolti inayoivuta springi nyuma isifunge tena. Gari linaondoka. Breki moja imeuawa, na aliyeiua anasema atairekebisha Mombasa. Mwezi unaofuata inauawa ya pili. Lori hilo likiteremka vilima vya Salama na Kiongwani, zile breki chache zilizobaki zinabeba kazi ya zote, zinapata moto, zinaacha kushika. Kesho yake gazeti linaandika kwamba breki zilikatika. Hazikukatika. Zilifungwa kwa waya, alfajiri, kwenye maegesho.

Dereva hakuamka akitaka kufa

Je, ni uzembe wa dereva? Kwa sehemu, ndiyo, na sitawatetea wanaojua na kupuuza. Lakini tukiishia hapo tutakuwa hatujachambua chochote.

Dereva wengi wa malori hulipwa kwa safari. Juu ya mshahara mdogo kuna mileji, na mileji huja kwa kufika, haiji kwa kukagua. Robo saa ya asubuhi hailipwi na yeyote. Zaidi ya hayo, siku hizi malori mengi yamefungwa vifaa vya kufuatilia mafuta. Injini ikinguruma gari likiwa limesimama, mtu aliye ofisini anaona kwenye simu yake na kuuliza kwa nini mafuta yanachomwa bure. Dereva anayejaza upepo anashukiwa kuwa mwizi wa dizeli.

Hebu tupige hesabu. Injini kubwa ikinguruma bila mzigo hutumia kama lita tatu kwa saa. Dakika kumi ni nusu lita. Hata dizeli ikiwa shilingi 170 kwa lita, hizo ni shilingi 85, pungufu ya bei ya chai na chapati mbili katika mikahawa mingi ya barabarani. Hiyo ndiyo bei ambayo baadhi ya wenye malori wanaona ni hasara.

Ongeza uchovu. Sheria ya Trafiki, kifungu cha 66A, inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika kila saa 24. Nani anaihesabu? Dereva aliyelala saa tatu kwenye kiti, katika maegesho yasiyo na taa, huku akilinda turubai na mafuta yasiibwe, hawezi kuamka na kukagua nati zote kwa makini. Mamlaka ya uratibu wa uchukuzi ya Ushoroba wa Kaskazini, ambayo makao yake yako hapa hapa Mombasa, imehimiza kwa miaka mingi vijengwe vituo rasmi vya mapumziko ya madereva kando ya barabara hii. Mahitaji bado ni makubwa kuliko vilivyopo, na madereva wetu wanaendelea kuegesha kwenye vumbi.

Kitui: barabara mpya, mazoea ya zamani

Mambo haya hayaishii kwenye barabara kuu. Barabara ya lami kutoka Kibwezi kupitia Ikutha, Mutomo na Kitui hadi Migwani na Mbondoni, yenye urefu wa kilomita zipatazo 192, imefungua njia ambayo zamani ilikuwa ya vumbi na mawe. Sasa lori linaweza kutoka bandarini, likaingia Kitui na Mwingi, likaelekea Garissa au Meru bila kuiona Nairobi. Kwa biashara ni neema. Pojo na maembe ya Ukambani yanatufikia upesi, na saruji na mchele vinapanda upesi. Lakini njia hiyo ina gereji chache, polisi wa trafiki wachache, na masafa marefu kati ya mji na mji. Gari lililoondoka vibaya Kibwezi halina pa kujirekebisha hadi mbali.

Na kuna malori ya mchanga. Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Kitui nayo ilipiga marufuku kusafirisha mchanga na makaa nje ya kaunti Januari 2018, hatua iliyozua mvutano mkali baada ya lori la makaa kuchomwa. Nia ya kulinda mito ni njema, kwa maana mto usio na mchanga hauhifadhi maji. Hata hivyo biashara inayofanywa kwa kukwepa hufanywa usiku, kwa haraka, na kwa magari ambayo mwenyewe hajali yakikamatwa. Lori la aina hiyo haliwashwi kwa utaratibu. Linawashwa kwa woga, mtoni gizani, na watu waliolipakia wakining'inia juu yake.

Nani abebe jukumu?

Kuna kesi moja ya mbali yenye funzo la karibu. Februari 2015, katika mji wa Bath, Uingereza, lori la kubeba mchanga na kokoto lilishindwa kusimama mteremkoni na kuua watu wanne, mmoja wao mtoto wa miaka minne. Uchunguzi ukaonyesha breki zilikuwa zimeachwa ziharibike kwa muda mrefu. Dereva, kijana wa miaka 19 aliyekuwa mgeni kazini, aliachiliwa na mahakama. Waliofungwa ni mwenye kampuni na fundi wake.

Kwetu sisi mara nyingi huwa kinyume. Dereva akinusurika anatiwa pingu hospitalini, na mwenye lori anatuma wakili na bima. Mpango wa Kitaifa wa Usalama Barabarani wa 2024 hadi 2028, uliozinduliwa Aprili 2024, unalenga kupunguza vifo kwa nusu. Lengo hilo halitafikiwa kwa kumkamata mtu wa mwisho katika mnyororo.

Mapendekezo yangu ni manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa nje.

Kwanza, robo saa ya ukaguzi iandikwe kwenye mkataba wa dereva na ilipwe. Vyama vya madereva na vya wenye malori, vyote vyenye nguvu hapa Mombasa, vinaweza kukubaliana hili mezani.

Pili, dereva awe na daftari la ukaguzi wa asubuhi, na akiandika kwamba gari lina kasoro, mwenye gari asiweze kumfukuza kwa kukataa kuliondoa. Haki ya kukataa ndiyo roho ya ukaguzi. Bila hiyo daftari litajazwa kwa uongo.

Tatu, serikali za Makueni na Kitui zitenge maegesho yenye taa, choo, ulinzi na sehemu bapa ya kuegesha. Tayari zinatoza ada za maegesho katika miji yao. Ada hiyo irudi kwa yule aliyeilipa.

Nne, mizani isipime uzito peke yake. Lori linaposimama Mariakani ni nafasi nzuri ya kupima uvujaji wa upepo kwa dakika moja. Gari ambalo breki zake zimefungwa waya lisiruhusiwe kuingia Taru, sembuse Salama.

Najua jibu litakalotolewa: kwamba barabara ya kisasa ya kulipia kutoka Mombasa hadi Nairobi inapangwa, na ikijengwa matatizo yatakwisha. Barabara pana ni kitu chema na hakuna Mpwani atakayeikataa. Lakini lori lililoondoka bila breki litaua kwenye njia nne kama linavyoua kwenye njia mbili, na kwenye njia nne litakuwa na kasi zaidi.

Kwa hiyo, wewe mwenye lori unayesoma haya ukiwa Tudor, Bamburi au Changamwe: kesho alfajiri simu yako ikikuonyesha gari lako linanguruma Mtito Andei bila kwenda popote, usipige simu kugombana. Anayejaza upepo ni mtoto wa mtu. Mwache sindano yake ipande.